Kiapo cha Korosho ya Moto

Selestini hakuiba sukari kwa ubaya. Aliiba kwa uchu, na hivyo ni vitu viwili tofauti, ingawa mkewe Teodosia hajaukubali utofauti huo mpaka leo.

Sukari yenyewe ilikuwa kilo tatu, tena si ya nyumbani. Ilikuwa ya unyago. Mjukuu wa dada yake Kornelia alikuwa anatoka unyagoni Jumamosi, na Kornelia, ambaye paa lake lilikuwa linavuja kila upande, aliileta kwa kaka yake ikae stoo, pakavu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kumwekea Selestini sukari stoo mwaka ule wa 2002 ilikuwa sawasawa na kumwekea mlevi pipa la uraka uvunguni mwa kitanda halafu ukamwambia alale salama.

Maana mwaka ule Selestini alikuwa amekatazwa sukari. Alitoka Nambilanje mpaka Nachingwea kwenda kumwona daktari kwa ajili ya mikono, akarudi na habari ya mwili mzima. Daktari alikuwa kijana mdogo, ndevu hazijamtosha, akamwambia bila kupepesa macho: "Mzee, una kisukari. Tena hakijaanza jana. Kimekaa humo miaka, wewe unakinywesha chai ya vijiko sita. Sasa kimeanza kula mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mikono haina nguvu na haisikii."

"Nikiacha sukari mikono itarudi?"

"Ukiacha sukari haitaendelea kuondoka."

Jibu gani hilo? Selestini alitoka pale amekasirika kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Na mikono kweli ilikuwa kituko. Asubuhi Teodosia ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, na alivifunga kwa fujo, huku anamvuta kama anafunga mzigo. Vikombe alivunja vinne kabla ya kuhamishiwa kwenye kopo la bati. Siku moja shambani alinyanyua jembe vizuri tu, akalishusha, mkono ukashuka peke yake. Jembe lenyewe lilibaki juu likaenda zake, likamkosa mbuzi wa watu kidogo sana. Miguu nayo ilianza kufuata mkumbo. Aliwahi kutembea mpaka sokoni na ndala moja, ya pili ikabaki njiani, na hakujua mpaka mtu akamuuliza kama ameweka nadhiri.

Lililomtia aibu kuliko yote lilikuwa la msibani kwa marehemu Stefano. Alimpa mjane pole, akaushika mkono wa mjane, akaendelea kuushika. Si kwamba alitaka. Vidole vilikuwa havimwambii kama vimeshaachia au bado, na yeye alikuwa anaangalia jeneza. Watu nyuma yake wakapanga foleni. Mjane akaanza kumtazama. Teodosia akaja kumbandua kama anavyobandua ukoko kwenye sufuria.

Tangu hapo akaamua hasemi. Akiulizwa anajibu, "Mkono niliulalia vibaya." Aliulalia vibaya miezi saba.

Sasa hebu mtazame mtu kama huyo, anakunywa chai isiyo na sukari asubuhi na jioni, chai yenye ladha ya maji ya kuoshea chungu, na anajua kabisa kwamba hatua kumi na tano kutoka kitandani kwake kuna kilo tatu. Siku ya kwanza alikwenda kuiangalia tu. Siku ya pili alionja. Siku ya tatu akawa na utaratibu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Saa nane mchana wanawake wakienda kisimani, yeye anaingia stoo. Kijiko hachukui, maana kijiko kitamponyoka kitalia chini. Anachota kwa kiganja, anafumba ngumi, anatoka mbio mbio mpaka nyuma ya nyumba ya mwanawe Jonasi, pale chini ya dirisha, ambapo hakuna anayepita. Anachuchumaa. Anakula sukari amefumba macho kama anasali.

Kila akifika pale na kufungua ngumi alikuta sukari nusu. Akashangaa: kumbe viganja vyangu vidogo hivi? Akarudi kuongeza. Hakujua kwamba vidole vyake havikufumba sawasawa, kwamba sukari ilikuwa inachuruzika katikati ya vidole tangu mlangoni pa stoo, uwanja mzima, na kumwagika chini punje kwa punje. Angejuaje? Mkono haukusema kitu.

Sisimizi walijua.

Alhamisi Kornelia alikuja kuangalia sukari yake. Kornelia alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akafunua ndoo. Halafu uwanja mzima ukasikia:

"Teodosia weee! Sukari ya mjukuu wangu iko wapi?"

Teodosia alikuwa uani anakaanga korosho. Kila mwaka korosho chache za kubangua nyumbani alizikaanga mwenyewe kwenye debe lililotobolewa matundu, moto chini, moshi mkali juu, mafuta ya maganda yanatiririka na kushika moto. Akaacha, akaja mbio na kijiti mkononi. Wakatazama ndani ya ndoo wote wawili. Ilibaki sukari ya kikombe kimoja cha chai, cha mgeni asiyependwa.

Selestini alikuwa kwenye kiti chake barazani. Akajifanya anakuna goti.

Kornelia hakuwa mjinga. Akaangalia chini, akaona mstari wa sisimizi umenyooka kutoka kizingiti cha stoo, mweusi, mnene, wanapishana kama watu wa mnadani. Akainama. Akaufuata ameinama vile vile, makalio juu, kidole mbele, uwanja mzima, na watoto wa jirani wakamfuata nyuma. Mstari ukapita jikoni, ukapita banda la kuku, ukazunguka kona, ukaishia chini ya dirisha la Elineema.

"Haaa!" Kornelia akasema. "Nilijua."

Elineema alikuwa mke wa Jonasi. Si wa huku. Baba yake alikuwa mwalimu, Mnyiramba wa Singida, alihamishiwa Ruangwa akafundisha miaka mingi, akastaafu akarudi kwao na wanawe wote isipokuwa huyu, kwa sababu huyu alishampenda Jonasi. Msichana mrefu, mkimya, mchapakazi. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye mchana, maana ndiye aliyepika. Na kwa Kornelia alikuwa na kosa moja lisilofutika: hakuchezwa unyago. Kwa hiyo kila kitu kilichoharibika katika ukoo ule, kuanzia mahindi mpaka mimba ya mbuzi, Kornelia alikipeleka kwa Elineema.

"Mwanamke ambaye hajachezwa atajuaje thamani ya sukari ya unyago?" Kornelia akauliza uwanja mzima. "Ameila! Ameila kilo tatu peke yake, dirishani, kama panya!"

"Shangazi, mimi sijala," Elineema akasema.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Mimi. Lakini mlango mchana tunauacha wazi, shangazi, hata wewe unajua."

"Sisimizi wamekuja kumsalimia nani pale dirishani? Wamekuja kumsalimia Jonasi?"

Jonasi alikuwepo. Alikuwa amesimama karibu na baiskeli yake, anaangalia tairi la mbele kwa makini sana, utadhani ndilo lililoiba. Jonasi alikuwa na kifua kipana na mikono kama mipini, lakini mbele ya shangazi yake aligeuka gunia.

"Jonasi, baba," Kornelia akasema, "mke wako mwizi. Wageni wanakuja Jumamosi kutoka Mkotokuyana mpaka Ruangwa mjini, watakunywa chai ya machozi? Mrudishe kwao. Basi la kesho."

"Shangazi..."

"Basi la kesho!"

Kwao ni Singida. Ni siku tatu za mabasi, na mwanamke anayerudishwa kwa wizi harudi tena. Selestini alilijua hilo. Alikaa barazani, na ndani yake kulikuwa na watu wawili. Mmoja alisema, simama useme. Wa pili alisema, ukisema, kijiji kizima kitajua kwamba baba mkwe mzima, mwenye mvi, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa anachuchumaa chini ya dirisha la mkamwana wake analamba viganja. Chini ya dirisha la mkamwana! Watu watauliza alikuwa anafuata sukari peke yake?

Wa pili akashinda. Selestini akakuna goti la pili.

Elineema hakulia. Aliingia ndani, akatoka na begi lake la bluu, akalipachika kwenye keria ya baiskeli ya Jonasi, akalifunga kwa mpira wa tyubu. Alivuta mpira ule kwa nguvu zote, akapiga fundo, akapiga la pili, na kila akivuta alikuwa kama anamkaba mtu.

Hapo ndipo alipotokea Gabrieli. Gabrieli alikuwa Mngoni, jirani, mtani wa Wamwera wote, na kelele kwake zilikuwa kama harufu ya nyama. Alikuja anatafuna muwa.

"Wamwera!" akaita toka mbali. "Babu zangu walipofika huku waliwachukulia mbuzi, wakawachukulia na wake, hamkupiga kelele hivi. Leo mnalilia sukari?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Gabrieli akasikiliza, akatema makapi ya muwa.

"Na ushahidi ni sisimizi?"

"Sisimizi hawasemi uongo," Kornelia akasema. "Kama hakuiba, na aape! Zamani mwizi alishikishwa moto. Kama huna hatia moto hauli. Moto huo hapo, korosho hizo hapo. Ashike korosho ya moto kiganjani mpaka kumi. Akitupa, ni yeye."

Gabrieli akamtazama Elineema, akatazama lile begi. Alikuwa mtu wa masihara lakini si mtu mbaya. Akafikiri haraka, na akafikiri vibaya.

"Sawa," akasema. "Lakini kiapo ni cha nyumba nzima. Kila anayelala hapa ashike. Na anaanza mwenye nyumba."

Alidhani wataogopa, watacheka, mambo yataishia hapo. Akamgeukia Selestini na kumkonyeza, maana yake: kataa, mzee, kataa tutawanyike.

Selestini hakuliona lile konyezo. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba aliuona kama mali. Mkono usiosikia vifungo, usiosikia ndala wala jembe wala mjane, utasikia korosho?

"Nashika," akasema.

"Mume wangu!" Teodosia akasema.

"Nashika. Leteni."

Gabrieli akakwama. Mtani akishatoa neno halirudishi. Akachukua vijiti viwili, akachomoa korosho moja katikati ya debe, nyeusi, bado ina cheche upande mmoja, inatoa povu la mafuta. Kila mtu pale alijua mafuta yale. Hata yakiwa ya baridi yanabandua ngozi.

Selestini akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha kiganja. Gabrieli akaidondosha. Selestini akafumba ngumi.

"Sema."

"Kama nimekula sukari ya unyago," Selestini akasema kwa sauti ya kanisani, huku moyoni anamwomba Mungu aangalie upande wa Nachingwea kidogo, "korosho hii inile mimi."

"Moja," Gabrieli akahesabu.

Selestini hakupepesa hata kope. Shida yake haikuwa moto. Shida yake ilikuwa kwamba hakujua kama korosho bado imo. Vidole havina nguvu. Ikichomoka ikaanguka chini, atakuwa ametupa. Akainamisha macho kuchungulia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kati ya kidole cha shahada na cha kati. Aa, imo. Akatulia.

"Mbili. Mmwera huyu ana ngozi ya kiboko. Tatu. Teodosia, ulimpataje huyu, ulimvua mtoni? Nne."

"Hesabu upesi!" Teodosia akalia.

"Tano. Sita ilikwenda wapi? Aa, hii hapa. Sita."

Mpaka kumi. Selestini alifika kumi na uso mkavu kama anangoja basi. Alipoambiwa afungue, vidole viligoma, ikabidi avifungue kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, korosho ikadondoka. Akaingiza mkono haraka mfukoni. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Teodosia alilia kwa furaha. Kornelia akapiga magoti mbele ya kaka yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wazaliwe.

"Kaka yangu hana doa! Mmeona? Hana doa!"

Selestini akajisikia mkubwa. Akajisikia hivyo kwa muda wa kama kutembea kutoka baraza mpaka jikoni. Halafu akamsikia Kornelia anasema, "Haya. Sasa huyu."

Elineema alishasogea. Amekunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, ameunyoosha mkono mbele. Mkono mzima, wenye damu na akili yake, wenye kusikia kila kitu. Gabrieli alikuwa anachagua korosho kwenye debe, anachelewesha, anageuza hii, anageuza ile, jasho linamtoka.

"Baba," Elineema akamwambia Selestini, polepole, hamtazami usoni kama heshima ilivyotaka, "hukuumia hata kidogo?"

Basi. Lile swali lilimwingia pale ambapo korosho ilishindwa.

"Ni mimi," Selestini akasema.

"Wewe nini?" Kornelia akauliza.

"Niliyekula sukari. Ni mimi. Mwacheni mtoto wa watu."

Halafu Teodosia akaweka mkono kifuani. "Jamani, mmeona baba mkwe huyo? Yuko tayari ajichafue amwokoe mkwe."

"Moyo wa dhahabu," akasema mama mmoja jirani.

"Ni mimi kweli!"

"Kaka, tulia," Kornelia akasema kwa upole ambao haukuwahi kusikika. "Korosho imeshasema. Huruma yako tumeiona. Gabrieli, leta."

Selestini akapandwa na hasira. Ameshafanya uamuzi mgumu kuliko yote ya maisha yake, na hakuna anayeununua! "Nimechota kwa kiganja!" akapiga kelele. "Saa nane, mkienda kisimani! Nilikuwa nachuchumaa pale dirishani! Wiki mbili!"

"Masikini, anajua mpaka saa," mama jirani akasema. "Amekaa akatunga."

"Mkono wangu umekufa! Hausikii! Ningeshika hata shoka la moto! Daktari Nachingwea aliniambia, kisukari kimekula mishipa ya fahamu!"

"Mkono uliokufa unashikaje korosho mpaka kumi?" Kornelia akauliza, na wengi wakaona hoja hiyo ni nzito.

Gabrieli aliweka vijiti chini. Alikuwa anamtazama Selestini kwa jicho jingine, jicho la mtu aliyewahi kumwona huyu jirani akimng'ang'ania mjane.

"Mmwera," akasema, "funga macho."

"Nifunge macho ya nini?"

"Funga! Mimi mtani wako, nakuamuru. Toa mkono wa kushoto, huo haujaapa. Nikikuwekea kitu, utasema ni nini."

Selestini akafunga macho. Gabrieli akaokota jiwe, akaweka.

"Nini hicho?"

Selestini akafikiri. "Korosho."

Mtu akacheka. Gabrieli akaondoa jiwe, hakuweka kitu.

"Na hiki?"

"Hiki... hiki ni chepesi. Kifungo."

Wakacheka zaidi. Gabrieli akakamata kifaranga, akakiweka kiganjani.

"Kifaranga," Selestini akasema mara moja.

"Ona, anasikia!" Kornelia akaruka.

"Kinalia piu piu, dada yangu, mimi si kiziwi!"

Gabrieli akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akamshika Kornelia mkono kabla hajakataa, akauingiza kwenye kiganja cha kaka yake, akavifunga vidole juu yake.

"Hiki je? Fikiri sana."

Selestini akafikiri sana. Kina urefu, kina uzito kidogo.

"Mwiko," akasema.

Uwanja ulianguka. Watu walishikana mabega, mama jirani akakaa chini kabisa. Hata Jonasi alicheka, mara ya kwanza siku ile. Kornelia hakucheka. Alijaribu kuutoa mkono wake akashindwa, maana kaka yake hakujua kwamba anatakiwa kuachia.

Teodosia naye hakucheka. Alimfuata mumewe, akauchomoa mkono wa kulia kutoka mfukoni, akaugeuza juu. Katikati ya kiganja ngozi ilikuwa imeondoka, duara la korosho kamili, nyeusi pembeni, nyekundu katikati, na mafuta yametambaa mpaka kwenye mkunjo wa kifundo na malengelenge yameshavimba kama mbaazi.

"Yesu na Maria!" akasema. "Selestini, huumwi?"

Selestini akafungua macho, akatazama. Kilimtisha zaidi ya alivyotegemea. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine, umeungua kwa siri, mwenyewe amesimama anapigiwa vigelegele.

"Sisikii kitu," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo waliamini wote, mara moja, na Teodosia aliamini kwa hasira. Alivua kanga ya begani akaanza kumchapa nayo mgongoni. "Kilo tatu! Mimi nakupikia dona, nakupimia kama mtoto, nakunywa na mimi chai isiyo na sukari ili usijisikie mpweke! Kilo tatu, Selestini!"

"Sisimizi nao walikula," Selestini akajitetea, amejikunyata.

"Mama, mwache kwanza, tumwangalie mkono," Elineema akasema. Wengine walikuwa wanaita dawa ya meno, mwingine anaita majivu. Elineema akasema hapana, baba yake alikuwa anafundisha sayansi, ni maji. Akaleta ndoo. Mkamwana hamshiki baba mkwe mkono, kwa hiyo akampa Teodosia kata, yeye akasimama pembeni kuelekeza: miminia hapa, taratibu, usisugue, usipasue lengelenge, endelea, endelea. Ndoo nzima. Kisha kitambaa safi. Kisha akasema kesho alfajiri mzee apelekwe hospitali, asingoje maumivu, maana maumivu yake hayatakuja kumwambia kitu, na mkono wa mtu wa kisukari ukioza unaoza kweli.

"Kesho wewe ndiye wa basi," Gabrieli akamkumbusha, akiangalia kwa pembeni lile begi la bluu kwenye keria. "Au vipi?"

Kornelia alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Mwanangu," akaanza, "sisimizi wale..."

"Shangazi, mimi sijawahi kuitwa mwizi," Elineema akasema. Hakupandisha sauti. "Umeniita mbele ya watoto. Na mume wangu alikuwa anaangalia tairi."

Jonasi akainamisha kichwa. Halafu akapiga hatua kwenda kwenye baiskeli, amenyoosha mikono yake mikubwa kwenye ule mpira wa tyubu.

"Usiguse," Elineema akasema. "Wewe nitaongea na wewe ndani, kama nitaingia."

Jonasi akarudi nyuma. Kornelia naye akasogea. "Nawe shangazi, usiguse," Elineema akamwambia.

Selestini akaelewa. Hakuna aliyemwambia. Alinyanyuka, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kama mtoto mchanga, akavuka uwanja mpaka kwenye baiskeli. Akachuchumaa, safari hii mbele ya watu wote, akaanza kufungua begi la mkamwana wake kwa mkono wa kushoto.

Mpira ulikazwa na mtu mwenye hasira. Vidole vyake vilipita juu ya fundo kama samaki. Alidhani ameshika ncha, akavuta, kumbe ameshika keria. Baiskeli ikataka kumwangukia. Akajaribu tena. Alikuwa anatazama kila kidole na kukielekeza kwa macho, wewe hapo, wewe chini, wewe vuta, kama msimamizi wa vibarua wavivu. Gabrieli alitaka kusema kitu akajizuia, na kwa Gabrieli hiyo ni kazi ya jasho. Jua likasogea. Mtu akaleta kigoda cha kukalia, si cha Selestini, cha kwake mwenyewe, ili atazame vizuri.

Mwishowe Selestini akaona aibu imeshafika chini kabisa, chini yake hakuna kitu. Akainama akang'ata mpira kwa meno. Meno yalikuwa yanasikia. Akavuta, akatikisa kichwa kama mbwa, machozi yakamtoka kwa ladha mbaya ya tyubu, na fundo likalegea, likaachia. Watu wakashangilia kama goli.

Akainua uso, mdomo mweusi, anahema.

"Elineema," akasema, "mwanangu. Nisamehe."

Elineema alikuwa amesimama na mikono nyuma. Alitazama kando, kama heshima ilivyotaka, lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa inamshinda.

"Ahsante, baba," akasema. "Bado fundo moja."